Mchezaji wa Pili

Umewahi kumsikia mtu anakuita, ukajifanya hukusikia?

Usijibu haraka. Wote hujibu haraka, na wote husema hapana. Mfamasia naye angesema hapana, tena kwa ile sauti yake ya dirisha la dawa, anayowaambia nayo wagonjwa kwamba dozi humalizwa hata ukipata nafuu. Alikuwa mwanamke wa digrii, mnyoofu kama rula. Mtaani walimwita Daktari, akawasahihisha mpaka akachoka, wakaendelea kumwita Daktari. Mama mkwe wake aliposhikwa na ugonjwa wa moyo, yeye ndiye aliyeomba likizo isiyo na malipo akakaa nyumbani kumuuguza. Na mama mkwe alipofariki, msiba mzima ulikuwa wa kumsifu yeye.

"Mkamwana kama huyu hazaliwi tena," walisema wanawake jikoni. "Kamlea mama wa watu kama kamzaa yeye."

Mfamasia alikuwa akiinamisha kichwa. Wakasema, tazama na unyenyekevu wake.

Haukuwa unyenyekevu. Aliogopa wasije wakamtazama machoni.

Sauti ya marehemu ilikuwa imepungua siku za mwisho, hata kuita hawezi. Mfamasia akamwekea kikombe cha bati na kijiko kwenye kigoda kando ya kitanda, akatunga utaratibu: kugonga mara moja ni maji, mara mbili ni choo, mara tatu ni kifua. Tatu maana yake acha ulichoshika ukimbie, na ukimbie na kile kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Kidonge hicho Mfamasia alitembea nacho mfukoni mwa gauni, kwa sababu bibi huyo, mama mkwe wake, akiachiwa dawa alizitafuna kama karanga. Utaratibu huo aliwafundisha watu wote wa nyumbani, kisha akawatahini. Mumewe, fundi wa lifti, alifeli mara ya kwanza akarudia mtihani.

"Mwanangu," bibi alisema siku hiyo, akicheka kwa kifua kilichobana, "ningejua nitakuwa na kengele, ningeugua mapema."

Mashine ya gemu ilikuwa ya Fundi. Alipokuwa mwanafunzi alikula nauli yake yote kwenye banda la gemu, akisimama mbele ya kabati kubwa lenye kioo, akicheza Walinzi wa Jiji: mashujaa wanne wenye nguvu za ajabu, jiji linaungua, watu wanapunga mikono madirishani. Sarafu ikiisha, shujaa anakufa, na wewe unatembea kwa miguu hadi nyumbani. Sasa, mtu mzima mwenye mvi mbili, aliinunua ile ya kuchezea nyumbani, ya kuunganisha kwenye televisheni. Aliwaeleza wageni kama mtu anayeuza shamba.

"Hii haitaki sarafu. Ukifa, unahesabiwa kuanzia tisa, unabonyeza, unafufuka. Na tena inasimama. Kuna kitufe hapa, unabonyeza, kila kitu kinaganda. Nenda kanywe chai, urudi, adui bado kainua ngumi anakusubiri."

"Mungu atupe uvumilivu," Mfamasia aliwaambia wageni hao hao. "Hizo ni starehe za watu ambao ubongo wao uko likizo."

Wageni wakacheka, na Fundi akacheka nao, maana alimpenda.

Basi likizo yake mwenyewe ilipokuwa ndefu, alasiri zikawa ndefu zaidi, bibi anasinzia, nguo zimefuliwa, hakuna wa kuzungumza naye, Mfamasia akaiwasha mashine siku moja ili aone tu upumbavu wenyewe ukoje. Akauona. Kesho yake akauona tena. Akawa bingwa wa shujaa anayeitwa Radi, kijana wa manjano anayerusha umeme, na kila mara Fundi alipokaribia kurudi kutoka kazini, yeye alizima, akaikunja pedi ya gemu na waya wake kama ilivyokuwa, akakaa na gazeti. Mtu akishawacheka wenzake hadharani, hana tena mlango wa kuingilia kwenye starehe ile isipokuwa wa nyuma.

Bibi alifariki alasiri. Walimkuta ameinama upande wa kitanda, kijiko mkononi, kikombe kimeanguka sakafuni.

"Nilikuwa uani naanua nguo," Mfamasia aliwaambia. "Hakugonga. Alilala tu, akaondoka."

Hakuna aliyeuliza kuhusu kijiko. Nani amuulize mkamwana kama huyo?

Aliyejiuliza ni wifi yake. Dada huyu wa Fundi aliitwa Redio, kwa sababu alianza kusema alfajiri na hakuwa na kitufe. Siku ile ilikuwa zamu yake kuja kukaa na mama kuanzia mchana, ili Mfamasia apumzike. Alichelewa saluni. Simu ilimkuta kwenye kiti cha msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, akatoka hivyo hivyo mbio. Na tangu siku hiyo hakurudi kumalizia msuko. Msiba ukapita, watu wakatawanyika, na Redio akabaki na nusu kichwa chini ya kilemba.

"Malizia basi nywele, wifi," Mfamasia alimwambia.

"Ningeanza kuja kabla ya kusuka, ningekuwa na mama," Redio alijibu. Akanyamaza. Redio akanyamaza.

Hapo ndipo Mfamasia angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu. Akaenda kuosha vyombo.

Watu husema majini hupenda usiku. Waliosema hivyo hawajakaa peke yao nyumbani saa ya alasiri, jua limelala ukutani, mtaa mzima umesinzia, bomba la jirani linadondoka, na unajua kabisa kuwa chumba cha pili hakina mtu. Katika alasiri kama hiyo Mfamasia alijikuta ameshika pedi. Alikuwa amejiapiza kutoigusa tena. Akajiambia ni hatua moja tu, kichwa kipoe.

Radi akatokea kwenye skrini, peke yake, barabara inaungua. Kisha kwenye kona ya juu, palipoandikwa nafasi ya mchezaji wa pili, pakawaka.

Shujaa wa pili akaingia. Alikuwa Mama Chuma, mwanamke wa kijani aliyevaa deraya ya chuma, ambaye hakuna anayemchagua kwa sababu anatembea polepole. Mfamasia akatazama droo ya chini ya televisheni. Droo ilikuwa wazi kidogo, na ndani yake pedi ya pili ililala imefungwa waya wake, haijachomekwa popote.

Mama Chuma hakupigana. Alitembea taratibu mpaka pembeni mwa skrini, akasimama akimpa Mfamasia mgongo. Maadui walimpita kama hawamwoni. Akapiga goti moja, la pili, akalala ubavu. Hesabu ikaanza kona ya juu. Tisa. Nane. Saba. Kwa kawaida kila namba hulia kwa mlio wa mashine. Safari hii mlio ulikuwa wa kijiko kwenye bati.

Ting, ting, ting.

Mfamasia akachomoa waya ukutani. Skrini ikafa. Akakaa na plagi mkononi, akisikiliza bomba la jirani, akijiambia kwamba waya umeingiliana na kitu, kwamba yeye ni mtu wa sayansi, kwamba joto hufanya mambo, na alipokuwa bado anajiambia hayo yote, harufu ya dawa ya kuchua ikaja polepole kutoka kwenye korido, kali, ya baridi puani, ile ile aliyompaka bibi kifuani kila asubuhi, na nyuma ya harufu ile, katika chumba ambacho godoro lake lilishatolewa na kupewa watu, kijiko kikagonga bati mara tatu, kikapumzika kama anavyopumzika mtu anayetafuta pumzi, kikagonga tena mara tatu.

Hakwenda. Alikaa pale pale mpaka Fundi alipofungua mlango.

Juma lililofuata Redio alihamia kwao. Alisema nyumbani kwake hawezi kulala, afadhali awe karibu na chumba cha mama. Alasiri ya kwanza wanawake hao wawili walikuwa sebuleni wakichambua maharage, na sauti ikaja.

Ting, ting, ting.

Redio akaacha maharage. "Wifi," alinong'ona. "Umesikia?"

Mfamasia aliendelea kuchambua. Aliona kidole chake kinatupa harage zima na kuacha jiwe.

"Nisikie nini?"

"Tatu. Kifua. Wewe si ndiye uliyetufundisha?"

"Sisikii kitu, wifi yangu. Umechoka. Nitakupa kitu cha kukusaidia ulale."

 Redio akainuka, akachota maji kwenye bilauri, akaenda nayo chumbani kwa marehemu akitembea haraka, na Mfamasia akamsikia huko akisema kwa upole usiokuwa wake, nimekuja mama, nimekuja, nilichelewa lakini nimekuja.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila alasiri, ting, na Redio mbio na maji. Chumba kitupu. Akaacha kula. Maji yenyewe akawa hayanywi, anasema mama hajapewa yake. Mashavu yakaingia ndani. Akaacha kusema kuhusu majirani, bei, ndoa za watu. Fundi alirudi kutoka kazini akimkuta dada yake amekaa chini mlangoni mwa chumba na bilauri magotini, kilemba kimelegea, upande mmoja wa nywele umesukwa na mwingine umesimama kama umeogopa.

"Dada, hata mimi hunisemi tena?" alimtania. "Leo nimevaa soksi mbili tofauti. Zamani ungetangaza mtaa mzima."

Redio akatabasamu kidogo, tabasamu la kumpa mtu ili aondoke.

Chumbani Fundi alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Na wewe husikii kabisa?"

"Sisikii."

"Basi dada yangu anachanganyikiwa. Nikimpeleka hospitali watasema hivyo hivyo."

"Huenda," alisema Mfamasia, na alipolisema neno hilo alijichukia hadi vidoleni. Sasa alikuwa amejifanya hasikii mara mbili.

Fundi aliamua kuwa ubaya uko kwenye kikombe. Akakitoa, akakiponda kwa nyundo mpaka kikawa bapa kama chapati, akakitupa kwenye pipa la mtaa. Kesho yake kilikuwa kwenye kigoda, kizima, na ndani yake kuna unyevu kama mtu ametoka kunywa. Akasema basi ni hii mashine, maana tangu iingie hakuna heri. Akaiweka kwenye boksi lake, akalizungushia kamba kama anafunga mbuzi, akaliweka juu ya kabati. Alasiri hiyo hiyo televisheni ikajiwasha mbele ya kila mmoja. Mama Chuma alikuwa amelala ubavu pembeni mwa skrini. Hesabu ilikuwa imesimama kwenye moja, inapepesa, haishuki.

Hapo Fundi naye akasikia kijiko.  Alikaa chini pale alipokuwa, yeye ambaye kazini hutundikwa kwa kamba ghorofa ya ishirini bila kutoka jasho, akaweka mikono miwili kichwani kama mtoto.

Mganga aliletwa na msimamizi wa kazini kwa Fundi. Mfamasia alitarajia vibuyu na vitambaa vyekundu. Akaja mwanamke mzee wa miwani, mkoba wa plastiki, sweta ya vifungo. Kabla ya kustaafu alikuwa mpokea simu wa shirika la simu, miaka yote ameunganisha watu wenye kelele na watu wenye hasira.

"Kuku wa rangi gani tutafute?" Fundi aliuliza.

"Wa kukaanga, nikishamaliza," mganga alisema. "Jini halina haja na kuku wako, mwanangu. Niwekeeni kiti."

Akakaa katikati ya sebule, mbele ya televisheni, akawakalisha watatu wale kwenye kochi na mkeka. Hakuwasha kitu, hakuimba. Alivua miwani, akaifuta, akasikiliza. Ting, ting, ting, kutoka chumbani. Televisheni ikawaka. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa mpaka machozi yakawatoka.

"Mama yenu alikwenda zake kwa amani, huyu siyo yeye," alisema, kama anayesoma namba. "Huyu ni mpita njia. Aliukuta mwito wa mama yenu umening'inia hewani haujapokelewa, akaingia ndani yake, kama kaa anavyoingia kwenye kombe la mwenzake. Nimekaa na simu maisha yangu yote. Simu isiyopokelewa haifi. Inalia, na kila anayeshika waya inamtikisa. Mimi siwezi kuipokea. Hakunipigia mimi."

"Ni mimi," alisema Redio. Sauti ilikuwa nyembamba, midomo imekauka inapasuka. Akavua kilemba mbele ya watu wote. "Nilikuwa saluni. Ilikuwa zamu yangu. Mama alikufa peke yake kwa sababu nilitaka nipendeze. Ni mimi."

Mfamasia alitazama ile nusu kichwa, vumbi limeshika kwenye mistari, na akatamani sakafu ifunguke.

Mganga akainua mkono wawe kimya. Walisikiliza. Bomba la jirani likadondoka, mara moja, mara mbili.

Ting, ting, ting.

"Siyo wewe, mama," mganga alimwambia Redio kwa huruma. "Umechelewa, lakini hukupigiwa. Pole. Umeitikia mwito wa mtu mwingine mpaka umekauka."

Lakini Redio hakuwa tena akisikiliza. Alikuwa amepiga goti moja kwenye mkeka, kisha la pili, akalala ubavu, taratibu, vile vile kama yule mwanamke wa kijani kwenye skrini, na mkono wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu bila kijiko huku sakafu ya saruji ikilia kama bati, tatu, pumziko, tatu, pumziko, kila pumziko refu kuliko la kwanza, kifua chake kikipanda bila kushuka, na mdomoni mwake ikatoka sauti ambayo watu wa nyumba ile waliizika kwa mikono yao, sauti kavu, yenye upole, isiyolaumu, ambayo Mfamasia angelipa chochote ili ilaumu.

"Mwanangu," ilisema. "Mwanangu, uko hapo?"

Fundi akamrukia dada yake, akamwinua kichwa. "Mama, fanya kitu," alimwambia mganga. "Anakufa huyu."

"Anakufa kweli," mganga alisema. Hakumtazama Fundi wala Redio. Alimtazama Mfamasia, kama aliyekuwa akimtazama tangu aingie. "Na aliyeitwa yumo humu, anasikia. Nimewajua wengi wa namna hiyo. Hupumua upande wa pili wa waya, hawasemi haloo."

Mfamasia aliingiza mkono mfukoni mwa gauni. Kilikuwa kimo, kidonge kidogo ndani ya kikaratasi chake, hakijafunguliwa. Hakuwahi kukitoa. Alikuwa amelivaa gauni lile msibani, amepewa sifa zote amelivaa, ameinamisha kichwa na kidonge kimo. Alifikiri juu ya mumewe, atakavyomtazama. Alifikiri juu ya wanawake wa jikoni. Kwenye skrini ile namba moja ikapepesa, ikapepesa, ikaanza kufifia.

"Nipo, mama," alisema.

Mkono wa Redio ukasita hewani.

"Kwa sauti," mganga alisema. "Waya ni mbovu."

Mfamasia akateremka kutoka kwenye kochi, akapiga magoti kwenye mkeka. Akaweka kidonge sakafuni ili wote wakione.

"Sikuwa uani. Hakukuwa na nguo za kuanua. Nilikuwa hapa, kwenye kochi hili, nacheza gemu ya mume wangu niliyomcheka mbele za watu. Mama aligonga tatu. Akapumzika. Akagonga tena tatu. Nilisikia, wifi. Nilisikia zote, na hizi za juzi na jana nilizisikia, hujachanganyikiwa. Watu walikuwa wanaungua ghorofani, nilishawatoa wote, nilikuwa nimebakisha mmoja."

Redio alifungua macho. Yalikuwa macho yake. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha.

"Si inasimama?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe, ya mkwaruzo. "Kaka alituonyesha. Si kuna kitufe?"

"Kipo. Kidole changu kilikuwa juu yake."

"Sasa ukafanya nini?"

Bomba la jirani likaacha kudondoka. 

"Nikachukua rimoti," Mfamasia alisema. "Nikaongeza sauti."